Mashine, Floti na Mkataba: Mjadala juu ya Ubunifu wa Biashara na Ajira

Hoja inayojadiliwa hapa inasema kwamba ubunifu wa biashara, ukipimwa kwa jumla yake na kwa kipindi kirefu, huzalisha ajira nyingi kuliko zile unazoziondoa. Hoja hii ni kongwe. David Ricardo, mmoja wa waasisi wa sayansi ya uchumi nchini Uingereza, aliiamini kwa miaka mingi, lakini katika toleo la tatu la kitabu chake kikuu, lililotoka mwaka 1821, aliongeza sura nzima juu ya mashine na kukiri humo kwamba hofu ya wafanyakazi haikutokana na ujinga, kwa kuwa kinachomfaidi mwenye mtaji kinaweza kumdhuru kibarua wake. John Maynard Keynes naye aliandika mwaka 1930 kuhusu ukosefu wa ajira unaotokana na teknolojia, yaani hali ambayo mbinu za kupunguza matumizi ya nguvukazi hupatikana haraka kuliko nguvukazi hiyo inavyopatiwa shughuli nyingine, na akaiona hali hiyo kuwa ni ya mpito tu. Swali ambalo wawili hao walilirithisha ni la nani anayeubeba mpito huo, kwa muda gani na kwa malipo ya nani.

Kabla ya mjadala kuanza, yafaa istilahi ziwekwe wazi. Wachumi hutofautisha ubunifu wa bidhaa, ambao huleta sokoni kitu ambacho hakikuwapo; ubunifu wa mchakato, ambao hutengeneza kitu kilekile kwa gharama ndogo zaidi; na ubunifu wa mfumo wa biashara, ambao hubadili namna huduma inavyomfikia mteja na namna mapato yake yanavyogawanywa. Kwa jumla, aina ya kwanza husifiwa kwa kuongeza kazi, ya pili hulaumiwa kwa kuzipunguza, na ya tatu hufanya yote mawili kwa pamoja. Sauti tatu zinasikika katika mjadala huu: Mtetezi wa hoja, Mpinzani wake, na Mwanahistoria ambaye hakuombwa kuunga mkono upande wowote. Mifano yao inatoka Afrika Mashariki, mahali ambapo aina zote tatu zimeonekana katika umri wa mtu mmoja.

Mtetezi: Anayetaka kuona ubunifu unavyozaa kazi na aanze na fedha za simu ya mkononi. Kabla ya Machi 2007, Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya, mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka kuwapelekea wazazi wake fedha kijijini alikuwa na njia chache: kumpa kondakta wa basi bahasha, kumkabidhi jamaa aliyekuwa safarini, au kupanga foleni posta. Mwaka uliofuata huduma hiyo ilifika Tanzania kupitia Vodacom. Kampuni ya simu haikuwa na matawi ya kupokea na kutoa fedha taslimu, wala haikukusudia kuyajenga, hivyo iliwageukia wenye maduka, vibanda na saluni, ikawafanya mawakala wanaolipwa kamisheni kwa kila muamala. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zimeonyesha mawakala waliosajiliwa nchini humo wakipita 300,000. Hakuna benki ya Afrika Mashariki iliyowahi kuajiri watu wanaokaribia idadi hiyo.

Faida yenyewe haikuishia kwa mawakala. Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la *Science*, walikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, na kwamba wanawake 185,000 waliacha kutegemea kilimo cha kujikimu na kuingia katika biashara. Utaratibu uliozaa matokeo hayo unaeleweka: gharama ya huduma ikishuka, mahitaji yaliyokuwa yamezuiwa na gharama hiyo hufunguka, na kazi mpya hutokana na mahitaji hayo mapya. Wachumi huita hali hiyo unyumbukaji wa mahitaji, yaani kiasi ambacho wanunuzi huongeza au kupunguza ununuzi wao bei inapobadilika. Haja ya kutumiana fedha ilikuwa kubwa na haijatoshelezwa, ndiyo maana ubunifu uliipanua kazi badala ya kuibana.

Mpinzani: Ndugu Mtetezi amechagua mfano unaomfaa, na kanuni aliyoitaja ndiyo itakayomshinda. Kama kazi mpya hutegemea mahitaji yanayonyumbuka, basi pale ambapo mahitaji hayanyumbuki kazi itapungua tu. Kericho, kaunti ya mashamba ya chai nchini Kenya, inalithibitisha hilo. Mchumaji wa chai anayetumia mikono hupita kati ya mistari ya michai akichagua majani mawili na chipukizi, huyakata kwa vidole, huyarusha nyuma ndani ya kikapu alichokibeba mgongoni, na mwisho wa siku hupimiwa na kulipwa kwa kilo. Mashine ya mkono hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, wembe wake ukipita juu ya michai kama mkasi na majani yakijaa katika mfuko unaoburutwa nyuma. Haichagui kwa makini, na mara nyingine huchanganya vikonyo na majani yaliyokomaa, lakini kwa kiwanda kinachosaga majani kwa ajili ya chai ya mifuko, kasoro hiyo huvumilika. Zipo pia mashine kubwa zinazoendeshwa, ambazo kila moja hufanya kazi ya makumi ya wachumaji.

Bei ya chai ikipungua kidogo katika maduka ya London au Karachi, mnywaji hataongeza vikombe vyake mara mbili. Kwa hiyo kile kilichookolewa shambani hakikuzaa mashamba mapya wala wachumaji wapya. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya Kaunti ya Kericho kilieleza mwaka 2023 kwamba ajira zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa muongo mmoja kutokana na mashine, na Mei mwaka huohuo hasira ililipuka, mashine zikachomwa moto mashambani na mtu akapoteza maisha katika makabiliano na polisi. Wanaowacheka watu hao kwa kuwafananisha na wafumaji wa Uingereza waliovunja mashine kuanzia mwaka 1811 wangeuliza kwanza mchumaji hupoteza nini anapoondolewa. Katika mashamba makubwa ya chai, nyumba ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni, na shule ya watoto mara nyingi imo ndani ya shamba. Anayepunguzwa kazi huondoka na virago vyake, kwa hiyo hasara yake ni kubwa kuliko mshahara unaoandikwa katika takwimu.

Mtetezi: Uchungu huo haukanushwi. Hata hivyo, uamuzi wa mwenye shamba haukuwa kati ya mashine na mikono peke yake. Chai ya Kenya huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa bei ambayo mwenye shamba haipangi, ilhali mishahara, umeme na mbolea hupanda. Shamba linaloshindwa kupunguza gharama hufungwa, na likifungwa hupoteza hata fundi, dereva na mfanyakazi wa kiwandani ambao mashine iliwabakiza. Zaidi ya hapo, ipo nadharia ya fidia, ambayo wachumi wameijadili tangu karne ya 19, isemayo kwamba fedha zilizookolewa na mashine hazipotei: ama huwafikia wanunuzi kwa njia ya bei nafuu, nao wakazitumia kwingine, ama hubaki kuwa faida na kuwekezwa katika shughuli nyingine, na kote huko huzalisha kazi.

Mpinzani: Nadharia hiyo ni sahihi endapo dunia nzima itahesabiwa kuwa kijiji kimoja. Faida iliyookolewa Kericho inaweza kweli kuwekezwa, lakini ikawekezwa katika jengo la ofisi lililo bara jingine, na bei nafuu ya chai inaweza kumwezesha mnunuzi wa Ulaya kununua tiketi ya sinema. Kazi imezalishwa, hilo halina ubishi; ila hakuna basi linalomtoa mchumaji wa Kericho na kumfikisha kwenye kazi hiyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wastani wa dunia haumjui mtu yeyote.

Kufikia hapa pande mbili zinavutana juu ya jambo lilelile, nalo ni kama kazi iliyookolewa hurudi mahali ilipotolewa. Mwanahistoria anaingilia kati kwa kuleta mfano ambao hauzipendezi pande zote mbili, kwa kuwa ndani yake hakuna mashine yoyote iliyoletwa shambani.

Mwanahistoria: Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliingiza miche ya mkonge Afrika Mashariki, na miche michache iliyonusurika safari ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miaka 70 baadaye, Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, ikitoa takriban tani 230,000 mwaka 1964, na mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko yaliwahi kuajiri watu zaidi ya 100,000. Wengi wao walikuwa manamba, yaani vibarua walioandikishwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakasafirishwa hadi mashambani kukata majani, kuyafunga mafungu na kuyapeleka kwenye korona, mtambo unaokamua jani na kubakiza nyuzi. Kazi ile haikuwa ya kutamaniwa, na asiwepo wa kuipamba leo. Lakini ndiyo iliyokuwa nguzo ya mkoa mzima wa Tanga, reli yake na bandari yake.

Sehemu kubwa ya nyuzi hizo iliishia kuwa kamba za kufungia nyasi kavu za mifugo katika mashamba ya Marekani na Ulaya. Katika miaka ya 1950 wanakemia wa Italia na Ujerumani walifanikisha utengenezaji wa plastiki iitwayo polipropilini, na katika muongo uliofuata kamba za plastiki hiyo zikaanza kuchukua soko la mkonge. Sababu nyingine zilikuwapo: kuongezeka kwa kima cha chini cha mshahara baada ya uhuru kuliwafanya wenye mashamba wapunguze watu, na kutaifishwa kwa mashamba mengi kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967 kulibadili usimamizi wake. Lakini bei ilikuwa imekwisha kuporomoka tangu katikati ya muongo huo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Hakuna kibarua wa Muheza au Korogwe aliyeiona mashine iliyomwondoa kazini, kwa sababu ilikuwa kiwandani ng'ambo ya bahari, ikitengeneza kitu kingine. Ndugu Mpinzani angesimama vipi mlangoni kuizuia?

Mfano wa pili ni wa bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo *Ideal X* iliondoka Newark kuelekea Houston ikiwa na makontena 58, kwa ubunifu wa mfanyabiashara wa malori, Malcom McLean. Kabla ya hapo, kila gunia na kila kasha lilipita mikononi mwa makuli. Mombasa ilikuwa na historia nzito ya watu hao, ambao mgomo wao mkuu wa Januari 1947 ulisaidia kuilazimisha serikali ya kikoloni kuanza kuachana na utaratibu wa vibarua wa kutwa na kuelekea kwenye wafanyakazi wa kudumu walioandikishwa. Kontena lilipoenea, kazi ya kupakia na kupakua shehena kwa mikono ilipungua sana gatini, na sehemu ya kazi ya kufungua na kukagua mizigo ikahamia bara, hasa baada ya bandari kavu ya Embakasi kufunguliwa Nairobi mwaka 1984. Reli mpya ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilipoanza mwaka 2017, na serikali ilipoagiza makontena yasafirishwe kwa reli, wenye malori na wafanyabiashara wa Mombasa waliandamana mwaka 2019 kwa sababu ileile: kazi haikuwa imekufa, ilikuwa imehama, na wao walibaki ilikotoka.

Mtetezi: Mifano hiyo inaitetea hoja zaidi ya kuipinga. Mkonge uliangushwa kwa sababu uliendelea kuuza kitu kilekile wakati wenzake walikuwa wakibuni. Nyuzi zenyewe ni sehemu ndogo ya jani, chini ya asilimia 5 ya uzito wake, na mabaki yote yaliyosalia yalikuwa yakitupwa kwa miaka mingi, hadi mtambo wa kuzalisha nishati kutokana na mabaki hayo ulipojengwa Hale, Tanga, katika miaka ya 2000. Ubunifu wa bidhaa, ungekuja mapema, ungeokoa kazi ambazo ubunifu wa wengine ulizichukua. Anayekataa ubunifu nyumbani kwake bado hupatwa na ubunifu wa jirani, tofauti ikiwa kwamba hasara inamfika na faida haimfiki.

Mpinzani: Hilo lakubalika, na ni haki kulikubali waziwazi: kuzuia mashine peke yake hakulindi kazi. Hata kikosi kazi cha Kericho hakikudai mashine zipigwe marufuku, kilipendekeza uvunaji ugawanywe kwa uwiano wa asilimia 60 kwa mashine na 40 kwa mikono. Lakini Ndugu Mtetezi naye arudi kwenye mawakala wake 300,000 na kuwatazama kwa karibu. Wakala huanza siku akiwa ameugawa mtaji wake mara mbili, sehemu moja ikiwa fedha taslimu na nyingine ikiwa floti, yaani salio la kielektroniki ambalo humpatia mteja anayeweka fedha. Wakija wateja wengi wa kutoa, fedha taslimu humwishia huku floti ikijaa; wakija wengi wa kuweka, floti humwishia huku droo ikijaa; na kila akiishiwa hufunga huduma hadi mtu aende benki au kwa wakala mkuu kusawazisha. Noti bandia ni hasara yake, tapeli anayejifanya mtoa huduma ni hasara yake, na mwizi wa jioni ni hasara yake. Hana mshahara wa chini, likizo wala mwajiri.

Ndiyo maana Milford Bateman na wenzake, katika makala ya mwaka 2019 iliyoupinga utafiti wa Suri na Jack, walilalamika kwamba utafiti huo ulihesabu biashara zilizoanzishwa bila kuhesabu ipasavyo zilizokufa, wala zile zilizosukumwa nje ya soko na wapya wanaouza kitu kilekile mtaa uleule. Benki nazo zilijifunza haraka: Benki Kuu ya Kenya iliruhusu uwakala wa benki mwaka 2010, Benki Kuu ya Tanzania ikatoa mwongozo wake mwaka 2013, na kazi iliyokuwa ikifanywa na karani wa dirishani mwenye mkataba na bima ikaanza kufanywa na mwenye duka anayelipwa kamisheni. Julai 2021, Tanzania ilipoanzisha tozo za miamala, wateja wengi walipunguza kutumia simu, na kamisheni ya wakala ikapungua bila yeye kuulizwa wala kufidiwa. Katika hesabu ya vichwa, huyu ni mtu mmoja aliyepata kazi. Katika hesabu ya hatari, ni mtu mmoja aliyekabidhiwa hatari ambayo zamani ilikuwa ya benki.

Mtetezi: Wengi wa mawakala hao hawakuacha ajira ya benki ili wakae kibandani, walitoka katika kukosa kazi kabisa, au katika duka ambalo kamisheni ililiongezea kipato. Kuwalinganisha na karani wa benki ni kuwalinganisha na mtu ambaye wasingekuwa yeye kamwe.

Mwanahistoria: Jibu hilo ni la kweli kuhusu wakala, lakini halimgusi karani. Yapo makundi mawili ya watu, na mjadala huu umekuwa ukiyachanganya: wanaopata kazi kutokana na ubunifu na wanaopoteza kazi kutokana nao ni nadra sana kuwa watu walewale. Kundi la kwanza halidaiwi na kundi la pili chochote. Mdaiwa, kama yupo, ni yule aliyebaki na tofauti ya gharama mkononi.

Kauli hiyo inauhamishia mjadala kwenye sheria, kwa kuwa sheria za nchi hizi zimekwisha kumtambua mdaiwa huyo kwa kiasi fulani. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa ofisa wa kazi, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mashauriano kabla ya upunguzaji na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi kufikia miaka 10. Mageuzi ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 nchini Tanzania yaliongeza fao la upotevu wa ajira, ambalo humlipa mwanachama aliyetimiza masharti ya uchangiaji theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6. Waajiri wa Tanzania hulipa pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo sehemu yake hugharimia mafunzo ya VETA, mamlaka ya nchi hiyo ya ufundi stadi.

Mtetezi: Basi mpito una mlipaji. Ubunifu uachwe uendelee, na vyombo hivyo viimarishwe.

Mpinzani: Viimarishwe kwa ajili ya nani? Kila kimojawapo kinaanzia kwa mwajiriwa: mwenye mkataba, mwenye miaka ya utumishi, mwenye michango iliyokatwa kwenye mshahara. Mchumaji wa msimu ana miaka mingapi kamili ya utumishi? Wakala aliyefunga kibanda kwa sababu ya tozo alipoteza ajira gani kwa mujibu wa sheria? Ubunifu wa aina ya tatu, ule wa mfumo wa biashara, huipunguza gharama hasa kwa kumtoa mtu katika hesabu ya waajiriwa.

Mtetezi hana jibu kamili kwa hilo, na mjadala hauhitaji kumtafutia. Hoja ya mwanzo imethibitika kwa nusu. Pale ambapo mahitaji yalikuwa yamezuiwa na gharama, kama katika kutuma fedha, ubunifu uliongeza idadi ya watu wenye shughuli. Pale ambapo mahitaji yalikwisha kutoshelezwa, kama katika chai, uliipunguza. Na pale ambapo mnunuzi alipata kitu mbadala, kama katika mkonge, uliiondoa kazi bila hata kubisha hodi. Nusu iliyobaki haiwezi kuamuliwa kwa kuhesabu vichwa, kwa sababu ajira yenye mkataba na shughuli isiyo na mkataba huandikwa kwa tarakimu ileile. Wanaotunga sheria za kazi Nairobi na Dodoma wana jambo mahususi la kuamua: kama kampuni inayopanga kamisheni, masharti na ada za wakala itaendelea kuhesabiwa kuwa haina mfanyakazi, au itatakiwa kuchangia hifadhi ya watu ambao biashara yake haiwezi kufungua mlango bila wao. Hadi hapo, mlipaji wa mpito ataendelea kuwa mchumaji aliyehama nyumba na wakala aliyebaki na floti asiyoweza kuiuza.